Madaraka Mikoani: Afisa wa Wilaya na Wakubwa Wake Wawili

Katika miaka ya kwanza ya uhuru wa Tanzania, afisa kilimo wa serikali kuu aliyepangiwa kazi wilayani aliwajibika kwa wizara yake iliyoko Dar es Salaam. Maagizo, fedha na uhamisho vilitoka huko. Wenzake wa afya, maji na ujenzi nao walisikiliza wizara zao, kwa hiyo mipango ya wilaya moja ilitungwa katika ofisi nyingi zilizokuwa mbali nayo.

Julai 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Kila mkoa na kila wilaya ilipata Mkurugenzi wa Maendeleo, na wataalamu wa sekta wakawekwa chini yake. Fedha za mikoa zikasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Wizara zilibaki na sera, viwango vya kitaalamu na miradi ya kitaifa. Tangu hapo afisa kilimo alimjibu mkurugenzi kuhusu kazi za kila siku, na wizara kuhusu utaalamu wake.

Mpangilio huo uliwaweka wataalamu wa sekta mbalimbali kwenye meza moja ya mipango. Hata hivyo, Mkuu wa Mkoa alikuwa pia Katibu wa mkoa wa chama tawala, TANU, na kampeni za chama zilipoanza, agizo lake ndilo lililotangulia. Wakati wa Operesheni Vijiji, maofisa wengi waliacha shughuli zao ili kusimamia uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwamba njia zote za uwajibikaji zilielekea juu. Halmashauri za wilaya na miji zilikuwa zimevunjwa chini ya mpango huo, na mwananchi hakuwa na chombo cha kumhoji afisa. Huduma za mijini zilizorota, na halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978. Za wilaya zilirudi mwaka 1984, chini ya sheria za 1982. Mwaka huohuo wa 1984 Rais Nyerere alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Uwajibikaji wa pande mbili haukuisha. Leo mganga wa zahanati husimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), huku miongozo ya tiba ikitoka Wizara ya Afya. Tofauti na mwaka 1972 ni kwamba halmashauri ina madiwani waliochaguliwa, ambao wananchi wanaweza kuwapelekea malalamiko na kuwaondoa kwa kura.