Ufukwe wa Rumonge: mali ya nani?

Zamani, kabla ya ramani za viwanja, ufukwe wa Rumonge, nchini Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa wa kila mwenye mtumbwi au mzigo kichwani. Vyombo kutoka Ujiji vilishusha chumvi na nguo, watu wa milimani wakateremka na mazao yao, na biashara ikafanyika palepale mchangani. Uhuru huo ulikuwa na wenyewe. Wamisionari wa White Fathers walifungua kituo hapo mwaka 1879. Mei 1881 Wazungu watatu wa misheni waliuawa katika ugomvi na wenyeji, kituo kikafungwa. Mgeni alikaa kwa ridhaa ya waliomtangulia.

Kilichoufanya ufukwe uonekane hauna mwenyewe ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliwamaliza watu wa Imbo, bonde la kando ya ziwa, na utawala wa Wajerumani ukawahamishia wengine milimani, mbali na mbung'o wa ziwani. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walikuta vichaka mahali palipokuwa na vijiji, na sheria yao ilihesabu ardhi tupu kuwa mali ya serikali. Kwa maoni yangu, huo ndio mzizi wa mambo mengi yaliyofuata: watu waliofukuzwa na maradhi waliandikwa kana kwamba hawakuwahi kuwapo.

Jambo kama hilo lilijirudia kwa ukatili mkubwa zaidi mwaka 1972. Baada ya machafuko yaliyoanza Aprili 29 huko Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchi nzima, maelfu walivuka kwenda Tanzania. Mashamba yao, michikichi ikiwemo, yaligawiwa watu wengine na miradi ya serikali. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurudishiwa mali zao, na tume ya ardhi, CNTB, ikaundwa mwaka 2006. Kesi za Rumonge zilikuwa miongoni mwa ngumu kuliko zote, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa na makaratasi au makaburi ya kuonyesha.

Ukanda wa kando ya maji wenyewe ulipata sheria yake mwaka 2012, iliyotenga mita 150 kando ya Tanganyika kuwa eneo la hifadhi. Hata hivyo mahoteli na mabaa yameendelea kujengwa kando ya ziwa, hasa upande wa Bujumbura, na mwenye ukuta ndiye anayeamua nani apite. Ila mita 150 zikitekelezwa bila kulegezwa zinamfukuza pia mama anayeanika ndagala, yaani dagaa wa ziwani, ambaye hana mahali pengine pa kazi.

Mama huyo ndiye anayetufundisha. Kwa vizazi vingi ndagala walianikwa juu ya mchanga, wakaliwa na ndege na kuoza mvua iliponyesha. Tangu mwaka 2004 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilisaidia kueneza vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu ya miti. Samaki waliohitaji siku 3 sasa hukauka kwa muda wa saa 8 hivi. Kichanja ni cha mwenyewe, lakini nafasi kati ya kichanja na kichanja ni ya wote: mvuvi anapita na wavu wake, mnunuzi anapita na beseni. Hapo mali binafsi imesimama juu ya ardhi ya umma bila kuifunga.

Ziwa lenyewe limeingilia kati. Mwaka 2021, na tena 2024, lilipanda hadi kuingia katika nyumba, barabara na majengo ya starehe ya pwani. Sasa watu wanajenga upya, na vibali vinaandikwa. Kila kibali kinapaswa kutaja kwa mita upana wa njia ya kwenda majini, mahali pa kupandishia mitumbwi na eneo la kuanikia, na wavuvi na wachuuzi wa mwalo ule wawe na sauti kabla hakijatiwa saini.