Nyumba ya Nahodha, Gunia la Abiria

Tangu 2002 meli iitwayo The World inazunguka bahari za dunia ikiwa na wakazi, si abiria: matajiri walionunua nyumba humo ndani. Kwa Ziwa Tanganyika hilo si geni. Mwaka 1931 mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh alipanda Duc de Brabant, meli ya Wabelgiji iliyokuwa ikila kuni, kutoka Kigoma kwenda Albertville, Kalemie ya leo. Sehemu kubwa ya sitaha aliikuta imeshakuwa makazi ya nahodha: kitanda cha shaba na chandarua chake, saa, vioo, picha kwenye fremu, mito, majani makavu kwenye vyungu. Mkewe amekaa kivulini anafuma. Mgeni alipouliza habari za chumba, akajibiwa kwamba bwana amelala, asiamshwe mpaka saa tisa.

Abiria, kwa kifupi, alikuwa amepiga hodi nyumbani kwa watu.

Mwaka huohuo reli ya Kivu ilianza kazi kati ya Kalundu, bandari ya Uvira, na Kamanyola, na bandari hiyo ikawa mlango wa mizigo ya Bukavu. Mzigo ndio ulioleta meli. Binadamu alijibanza palipobaki.

Meli ya Liemba ndiyo iliyompa msafiri wa ziwa hili chumba cha kueleweka. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe, mitambo wakiwa wameipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Daraja la kwanza lilikuwa vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, na dirisha. La pili vitanda vinne na joto la kutosha. La tatu, benchi, ukiliwahi.

Uvira ina sababu nyingine ya kuijua meli hiyo. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, UNHCR iliitumia kuwarudisha wakimbizi wa Kongo: safari 22 kati ya Kigoma na Uvira ndani ya miezi mitano. Kwa msafara kama huo, mambo ya daraja la kwanza na la pili ni mzaha. Aliyekuwa na mtoto mgongoni na sufuria mkononi alitaka kufika tu.

Leo anayetoka Kalundu kwenda Kalemie kwa boti la mbao hulala juu ya shehena. Mama anatandika kitenge juu ya magunia, anabana mizigo yake miguuni, watoto katikati. Mwenye uzoefu haulizi kitanda. Anawahi mapema apate nafasi chini ya turubai, mbali na moshi wa injini, kwa sababu usiku upepo ukigeuka mawimbi humwagika mpaka ndani.