Koleji ndogo au chuo kikuu chenye jina? Yafaayo kuzingatiwa na anayetaka kusomea Marekani

MZAZI Mkenya akisikia mwanawe ameitwa katika koleji ya Marekani, huenda moyo ukamshuka. Hapa nchini, koleji ni mahali pa kusomea cheti au stashahada. Kule Marekani koleji hutoa shahada kamili, na kutojua hivyo kunaweza kumfanya mwanafunzi akatae nafasi adhimu.

Koleji za elimu pana ni taasisi ndogo ambazo kazi yake kuu ni shahada ya kwanza. Mwanafunzi huonja fasihi, sayansi, historia na hisabati, kisha huchagua somo kuu, kwa kawaida kabla ya mwaka wa tatu. Zinazosifika ni pamoja na Williams (1793) na Amherst (1821) katika jimbo la Massachusetts, na Swarthmore (1864) huko Pennsylvania. Kila moja ina wanafunzi wapatao 2,000 au pungufu.

Chuo Kikuu cha Harvard, kilichoasisiwa 1636, kina zaidi ya 20,000, na wengi wao wanasomea shahada za juu.

Ufundishaji

Katika koleji ndogo, maprofesa wenyewe hufundisha na kusimamia maabara. Humjua mwanafunzi kwa jina, na barua zao za mapendekezo huwa na uzito anapoomba kuendelea na masomo.

Katika vyuo vikubwa, mihadhara ya mwaka wa kwanza yaweza kujaza ukumbi, na baadhi ya vipindi huongozwa na wanafunzi wa uzamifu. Hata hivyo, kozi ni nyingi, maktaba ni kubwa, na jina la chuo hutambulika kwa waajiri hadi Nairobi.

Anayetaka uhandisi achunguze kwanza, kwa maana koleji chache, Swarthmore ikiwemo, huufundisha. Udaktari na sheria husomewa baada ya shahada ya kwanza, hivyo njia zote mbili zinafaa.

Karo

Gharama za mwaka katika taasisi nyingi za kibinafsi zenye sifa hupita dola 80,000 kabla ya ufadhili. Harvard, Yale, Princeton, Amherst na Bowdoin hazitazami uwezo wa familia zinapoteua wanafunzi, hata wa kigeni, na hutoa msaada kulingana na mahitaji. Taasisi nyingi nyingine huutazama.

Kwa hivyo, familia isilinganishe karo iliyotangazwa bali kiasi itakacholipa ufadhili ukishatolewa, bila kusahau nauli na bima ya afya.

Tahadhari: koleji nyingi huwa na mpango wa kuomba mapema unaomfunga mwanafunzi kujiunga akikubaliwa. Huruhusiwa kuomba hivyo mahali pamoja tu. Asiyejua atapata msaada kiasi gani afikiri mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Mfano wa Maathai

Marehemu Prof Wangari Maathai alisomea biolojia katika koleji ndogo ya Mount St. Scholastica, Kansas, akahitimu 1964. Alipata uzamili Chuo Kikuu cha Pittsburgh 1966, uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, na Tuzo ya Amani ya Nobel 2004.

Udogo wa koleji haukumzuia kufika kileleni. Anayechagua leo aulize maswali matatu: nani atanifundisha, somo langu lipo, na nitabaki na deni gani?