Mabaki ya Koduroi

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mto hujipinda ukaacha kipande cha nchi kilichozungukwa na maji pande tatu. Hapo ndipo Gee's Bend. Mwaka 1845 shamba la pamba la hapo liliangukia mikononi mwa Mark Pettway. Utumwa ulipofutwa, waliokuwa watumwa wake na wazao wao walibaki wakilima ardhi ile ile, na jina lake wakabaki nalo.

Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na baridi ya Januari haibishi hodi. Wanawake wakashona mifarishi: juu viraka vya nguo kuukuu, chini kitambaa, katikati pamba, na vyote vitatu vikashikizwa kwa bandi za mkono. Viraka, kila mmoja aliviunga peke yake. Kazi ya bandi ilikuwa ya wengi, wakizunguka fremu moja.

Binti alifundishwa ruwaza na mama yake. Iliyopendwa sana ni ile waliyoiita paa la nyumba: unaanza na kiraka kimoja katikati, kisha unakizungushia vipande virefu, mraba nje ya mraba, hadi mfarishi utoshe kitanda. Akishaijua, hakuna aliyemshangaa akiupinda mraba au kuigeuza rangi katikati ya safari. Kila mwanamke alishona kwa njia yake, na njia hiyo ilikuwa fahari yake.

Mwaka 1966 wanawake wa huko na vijiji jirani walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee. Oda zilikuja hata kutoka New York, na pesa zikaingia. Lakini mteja wa dukani alitaka vipimo sawa na bandi zinazolingana. Mwaka 1972 kampuni ya Sears ikaagiza foronya za koduroi, kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Foronya ya leo ikawa pacha wa ya jana.

Mabaki yalikwenda nyumbani, na huko hapakuwa na mkaguzi. Koduroi ilikuwa mgeni mkaidi: nene, haitaki viraka vidogo, na sindano huipenya kwa shida. Basi wakakata vipande vikubwa. Wakagundua pia kwamba ukilaza mistari upande huu na kuisimamisha upande ule, rangi moja huonekana mbili, kwa jinsi mwanga unavyoangukia.

Mwaka 1976 mmoja wa wanawake hao, Annie Mae Young, alichukua miguu ya suruali za kazi, jinzi iliyopauka kwa jua na kufuliwa, akaizungusha kama ukuta. Katikati akapanga vipande vyembamba vya koduroi ya rangi kali, kama moto uliowashwa uani. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na wa Annie Mae Young ulikuwamo.