Tarakimu ya mwisho inayolinda kontena Malaba na Busia

KATIKA mipaka ya Malaba na Busia, ambako shehena kutoka bandari ya Mombasa huvuka kuelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, kila kontena hutambuliwa kwa herufi nne na tarakimu saba zilizoandikwa ubavuni mwake.

Tarakimu ya saba, ambayo kwa kawaida huzungushiwa kisanduku, si sehemu ya jina la kontena. Kazi yake ni kuzilinda alama kumi zilizoitangulia. Karani akikosea tarakimu moja katika stakabadhi za forodha, huwa ametaja kontena jingine, na dereva hukwama mpakani hadi kosa lisahihishwe.

Kanuni yake imo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 6346. Herufi hupewa thamani kuanzia A, ambayo ni 10, hadi Z, ambayo ni 38, huku 11, 22 na 33 zikirukwa. Alama ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea maradufu hadi ya kumi, inayozidishwa kwa 512. Majibu hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa 11. Baki ndilo tarakimu ya saba.

Chukua mfano wa CSQU 305438. Jumla yake ni 6,185. Ikigawanywa kwa 11 hupatikana 562 na baki 3, hivyo nambari kamili ni CSQU 305438 3. Karani akigeuza 5 na 4, akaandika 304538, jumla huwa 6,249 na baki 1. Kosa limefichuka.

Siri iko katika 11, ambayo ni nambari tasa. Vile vizidishio kumi, kuanzia 1 hadi 512, vikigawanywa kwa 11 huacha mabaki 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3 na 6. Hakuna sifuri, wala baki linalojirudia. Kwa hiyo, tarakimu moja ikikosewa, au mbili tofauti zikibadilishana nafasi, baki la jumla hubadilika.

Hata hivyo, ulinzi huo una mianya. Baki 10 huandikwa 0, likafanana na sifuri halisi. Ndiyo maana inashauriwa nambari za aina hiyo zisitumiwe. Aidha, thamani za A, K na U zote huacha baki 10, hivyo K ikiandikwa mahali pa A, hesabu haitagundua.

Tangu Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, maafisa wa nchi hizo mbili wamekuwa wakikagua shehena mahali pamoja. Tarakimu hiyo huwathibitishia kwamba nambari imenakiliwa sawasawa. Kilichomo ndani ya kontena ni jambo ambalo hesabu haiwezi kuwaambia.