Kujenga Modeli Hakukuanza na Watu wa Doh

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi tangu nianze kuonyesha watu ndege na vifaru vya vita nilivyojenga na kupaka rangi: "Hiyo ni hobi ya wazungu na watoto wa Runda." Mwenye kusema huwa hana ubaya. Ameona boksi kutoka Japani, ameona bei, ameona brashi nyembamba kama kope, akaamua hii si yetu. Kuhusu bei namwelewa kabisa. Kuhusu historia hapana, na ndiyo nataka tuipitie leo.

Kwa wageni: modeli ni kitu halisi kilichopunguzwa kwa kipimo kimoja kila upande. Ukiona 1/72, maanake sentimita 72 za ndege ya kweli zimekuwa sentimita moja mezani kwako. Unakata vipande kutoka kwa fremu ya plastiki, unavilainisha na msasa, unavibandika na gundi, halafu unapaka. Toy unaiburuta ukichoka unaitupa chini ya kitanda. Modeli lazima ilingane na kitu fulani kilichokuwepo kweli.

Tuanze London, 1939. Nicholas Kove, Myahudi mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Uingereza, anafungua kampuni anaiita Airfix. Hakuwa na habari na modeli. Aliuza toys za mpira za kujazwa hewa. Baada ya vita akapata mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu, na mashine hiyo ikawa inatoa vitana. Ndio, vitana vya nywele. Mwaka 1949 akatengenezea kampuni ya Ferguson trekta dogo ambalo mawakala wake wangebeba wakienda kuuza lile kubwa. Kuliunganisha kiwandani kulikuwa kazi, kwa hivyo baadaye likauzwa kwa vipande, mnunuzi ajijengee. Mwaka 1952 ikaja meli ya Golden Hind, ya kuuzwa katika maduka ya Woolworths. Ili bei ibaki shilingi mbili za Uingereza, waliachana na boksi wakatia vipande kwa mfuko wa plastiki. Hiyo ndiyo iliyofungulia Airfix njia: kitu cha mfuko, bei ya mtoto wa kawaida.

Hata hiyo 1/72 haikupata umaarufu kwa sababu ya starehe. Kwa wanaopima kwa futi hesabu ni rahisi: inchi moja ya modeli ni futi sita, karibu urefu wa mtu mzima. Kampuni moja ya Uingereza ilishauza ndege za kipimo hicho kuanzia 1936, jina lake FROG. Halafu vita vikaja. Mwanzoni mwa 1942, jeshi la wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli nusu milioni za mbao kwa 1/72, ili askari wajifunze kutambua ndege kwa umbo lake tu. Fikiria uko darasani unachonga bawa, na mtu fulani atategemea lile umbo kuamua kama afyatue au asifyatue.

Lakini stori inayonishika zaidi ni ya Shizuoka, mji wa Japani ulio kati ya Tokyo na Nagoya. Ukishika modeli ya Kijapani leo, kuna uwezekano mkubwa imetoka huko. Tamiya, Hasegawa na Aoshima zote ni za huko, na kiwanda cha Bandai cha Gundam kiko huko pia. Kwa nini mji mmoja? Kwa sababu ya mbao. Karne nyingi zilizopita mafundi waliitwa kujenga na kupamba mahekalu ya eneo hilo, na ufundi wa mbao ukabaki pale hata kazi za mahekalu zilipoisha.

Juni 1945 mji huo ulipigwa mabomu ukaungua. Mwaka uliofuata, Yoshio Tamiya akafungua biashara ya kupasua na kuuza mbao. Muda si mrefu wakaanza kutengeneza pia modeli za mbao za meli na ndege. Mwaka 1951 moto ukala kiwanda. Biashara ya mbao ikawalemea, wakaamua kubaki na modeli peke yake. Hapo ndipo modeli za plastiki za Marekani zikaanza kuingia Japani, na ghafla mbao ikaonekana ya kizamani. Tamiya wakajikaza, mwaka 1960 wakatoa modeli yao ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato. Mshindani akatoa Yamato yake wakati uleule kwa bei ya chini. Wakapigwa tena.

Jaribio lililofuata lilikuwa kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndani ili kitembee. Kwa picha ya boksi walimfuata Shigeru Komatsuzaki, mchoraji ambaye kila kijana wa Japani alimjua kwa magazeti ya hadithi. Kikauzika vizuri. Na sasa sikia hii: kipimo chake, 1/35, hakikutoka kwa kamati ya maprofesa. Walihitaji nafasi ya kutosha kuweka mota na betri, wakajenga kifaru kuzunguka betri, halafu wakapima wakaona wamefika 1/35. Leo dunia nzima hujenga vifaru vya vita kwa 1/35. Betri ndiyo iliamua.

Kutoka hapo kilichowabeba ni kupima. Shunsaku, mtoto wa Yoshio, alisafiri hadi Aberdeen, Maryland, ambako jeshi la Marekani lilikuwa limekusanya vifaru vya nchi mbalimbali, akavipiga picha sehemu kwa sehemu. Walipotaka modeli ya Porsche, walinunua gari lenyewe wakalifungua hadi vipande. Yaani unanunua Porsche ili uijue vizuri kiasi cha kuipunguza mara 12.

Rangi nayo ina historia yake. Zamani wengi walipaka modeli ing'ae kama imetoka kiwandani jana. Miaka ya 1970, Mmarekani Sheperd Paine alikuwa anaijengea kampuni ya Monogram mandhari ndogo, na maelezo yake yakawekwa ndani ya maboksi: jinsi ya kupaka tope, vumbi, chuma kilichochoka. Mbinu mbili bado tunazitumia kila siku. Ya kwanza, rangi nyepesi sana inayotiririka na kukaa kwenye mianya, ili vivuli vionekane. Ya pili, brashi iliyofutwa karibu ikauke, unaipitisha juu ya kingo tu. Hizo mbinu hazikutaki uwe na doh, zinakutaka uangalie. Mimi rangi ya kutu nimejifunza kwa mabati ya mtaa wetu. Kutu huanzia kwenye tundu la msumari na pale mabati mawili yanapolaliana, halafu hushuka chini kufuata njia ya maji. Ukishaiona hivyo, huwezi tena kumwaga tu rangi ya kahawia popote.

Na nyinyi wa anime, msidhani mko nje ya hii stori. Gundam ilianza kwa TV mwaka 1979 ikakatwa kabla ya kufika mwisho uliopangwa. Julai 1980 Bandai wakatoa modeli yake ya 1/144 kwa yen 300, bei ambayo mwanafunzi angeweza kujikusanyia. Modeli zikasaidia kuifufua Gundam.

Sasa niambie, hapo katikati matajiri wako wapi? Naona vitana, mbao, viwanda vilivyoungua, watoto wa shule na mfuko wa shilingi mbili. Na hapa kwetu naona kijana wa waya. Wengi wetu tumemwona au tumekuwa yeye: gari la waya, magurudumu ya ndara zilizokufa, usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama. Huyo kijana tayari ana nusu ya hobi hii mikononi, kwa sababu anajenga na kile kilichopo. Nusu iliyobaki ni kupima na kupaka. Lakini akifika darasa fulani anaambiwa aache michezo asome. Ajabu ni kwamba siku hizi shule inamwagiza alete kitu alichotengeneza kwa katoni, na kuna wazazi wanaokinunua kikiwa tayari.

Mimi naona tunapoteza kitu kikubwa zaidi ya hobi. Wajapani walienda na kamera na rula kwa kitu cha kweli kikiwa bado kipo. Sisi vitu vyetu vinaondoka bila mtu kuvipima. Nenda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi. Kuna treni ya mvuke namba 5918, jina lake Mount Gelai, ya aina ya 59. Zilijengwa 34 huko Manchester kati ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na zilivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda huku juu. Ina urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa 1/72 ni kama sentimita 44. Inatosha juu ya meza ya kusomea.

Hauhitaji boksi kutoka Japani kuijenga. Unahitaji kiingilio, tepu ya fundi, daftari, katoni ngumu, gundi, na Jumamosi kadhaa. Pima magurudumu, hesabu misumari ya tangi, piga picha pale rangi imebanduka. Na kama treni si yako, shuka stejini upime matatu ya ruti yenu kabla haijapakwa upya, kwa sababu michoro ya mwaka huu mwaka ujao haitakuwepo. Ukimaliza nitumie picha. Mimi nimefika kwa tenda ya makaa ya Mount Gelai... hapana, subiri, zile zilichoma mafuta. Unaona? Hiyo ndiyo aina ya swali ambalo huwezi kulikwepa ukishaanza kujenga.