Kutoka Chemchemi Hadi Kikombe

Mwaka 1981, Kenya na Finland zilianzisha mradi wa maji wa KEFINCO katika Mkoa wa Magharibi, Busia ikiwemo. Visima vilichimbwa vijijini na kufungwa pampu za mkono, na chemchemi nyingi zikajengewa. Miaka ya 1990, ng'ambo ya mpaka, mradi wa RUWASA uliofadhiliwa na Denmark ulifanya kazi kama hiyo mashariki mwa Uganda, hadi Tororo.

Wanafunzi nao walikuja. Tangu 2004, wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, Marekani, wameshirikiana na wenyeji wa Khwisero, mashariki ya Busia, kuchimba visima katika shule za msingi, ili watoto wasiache masomo kwenda kuteka maji.

Lakini je, maji yakitoka safi kisimani hufika safi mdomoni? Swali hilo lilipata jibu Busia. Kuanzia 2005, shirika la International Child Support lilikinga chemchemi kwa awamu, huku watafiti, akiwemo mwanauchumi Michael Kremer, wakipima matokeo katika chemchemi zipatazo 200. Mafundi walifunika jicho la chemchemi kwa mawe na saruji, maji yakatokea kwenye bomba badala ya dimbwi linalokanyagwa na ng'ombe. Chemchemi nyingi zilikuwa katika mashamba ya watu binafsi, ila kwa desturi mwenye shamba hamnyimi jirani maji wala hamtozi senti.

Uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 pale chemchemini. Majumbani ulipungua kwa asilimia 24 tu. Njiani na nyumbani, jerikeni, mtungi, kata na mikono vilikuwa vimeyachafua tena. Hata hivyo, kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo.

Mwaka huohuo wa 2005, utafiti uliofanywa Tororo ulichapishwa. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walipewa dawa ya klorini na chombo cha kuhifadhia maji chenye mdomo mwembamba na bomba, ili mkono usizame ndani. Vipindi vya kuhara vilipungua kwa asilimia 25.

Dawa ya maji iliuzwa madukani, lakini wanunuzi vijijini walikuwa wachache. Ndipo likabuniwa tangi la klorini linalosimamishwa palepale penye chemchemi au kisima. Anayeteka hufungua valvu mara moja, dawa ya kutosha lita 20 ikadondoka kwenye jerikeni, na maji yakabaki salama kwa siku mbili tatu. Dawa ni bure, na tangi hutunzwa na mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake. Kutoka Busia, utaratibu huo ulienea hadi Uganda.

Mwanafunzi wa uhandisi anayekwenda kijijini leo anahitaji kujua historia hii kabla hajapanga bomba lake. Apime maji pale yanapotoka, kisha amfuate mama aliyeyateka hadi nyumbani, akayapime tena kwenye kikombe cha mtoto. Kipimo hicho cha pili ndicho kitakachomwambia kama kazi yake imefaa.